Kioo cha Upande wa Mto

Jumatano moja ya mwezi wa tatu, saa tisa mchana, mvua ikiwa imekatika tu, tulipoteza ukuta wa upande wa mto wa sale ya gare ya Kindu, yaani chumba kile kikubwa cha matofali ambamo abiria walingojea treni. Mume wangu nilimpoteza miaka mingi baadaye, kitandani mwake, mimi nikiwa nimemshika mguu. Ninaanza na ukuta kwa sababu kifo chake hakikuwa kosa la mtu yeyote, na ukuta ule ulikuwa kosa langu. Lakini yeye ndiye aliyelibeba.

Sale ile ilijengwa reli ilipofika mtoni, kabla baba yangu hajazaliwa. Matofali yake yalifinyangwa ufukweni mwa Lualaba na watu waliokusanywa vijijini kwa nguvu. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Walimtoa upande wa Kailo akiwa bado hajaoa. Kila mfinyanzi alipewa alama yake, ili jioni msimamizi ajue nani amemaliza kazi na nani atachapwa. Alama ya babu ilikuwa vidole vitatu, akivibonyeza kwenye udongo ukiwa bado mbichi. Matofali yake mengi yaliingia kwenye ukuta wa upande wa mto. Nilipokuwa msichana, nikitumwa gare kumpokea ndugu, nilikuwa nakaa kwenye benchi la upande ule na kuingiza vidole vyangu ndani ya vyake. Vya mkono wa kulia havikukaa vizuri. Vya kushoto viliingia kama vimepimwa. Nyumbani walikuwa wakinigombeza kwa kushika kijiko na jembe kwa mkono wa kushoto. Hivyo ndivyo nilivyojua nimeutoa wapi.

Mume wangu alinikuta hapo hapo. Alikuwa fundi mhunzi kijana katika atelie, yaani karakana ya reli, mtu wa Kasai, amebeba koleo begani.

"Dada, unapapasa ukuta hivi, umepoteza nini?"

"Babu yangu."

"Iko ndani?"

"Vidole yake njo hii."

Akaweka koleo chini, akajaribu vyake. Havikuingia. "Mukono ya nyundo," akasema, akicheka peke yake. Wiki iliyofuata alirudi kujaribu tena, ingawa hakuna treni iliyokuwa inakuja siku ile.

Sisi wa Kindu si watu wa matetemeko. Ardhi inatikisika kule mashariki, kwenye maziwa na milima ya moto, na sisi tetemeko linatufikia kidogo tu, kama treni ya mizigo inayopita wakati hakuna treni. Lakini mwaka ule lilitufikia mara mbili. Mara ya kwanza vikombe vilianguka rafuni, mbuzi wakalia, na watu wa kwetu wakakimbilia kanisani. Katika sale ya gare zilitokea nyufa tatu: moja upande wa mji, moja katikati, moja upande wa mto, kwenye pembe, kuanzia chini ya paa mpaka usawa wa bega langu.

Mimi wakati huo nilikuwa mfagiaji wa gare. Nilikuwa nafagia plasta iliyodondoka, na mfanyabiashara mmoja wa Butembo, ambaye magunia yake ya maharagwe yalikuwa yanangojea boti, alikuwa ananicheka.

"Mama, hii njo munaita tetemeko? Kwetu hii ni salamu tu."

Kisha akainua macho kwenye pembe, akaacha kucheka. Alimwita mume wangu, aliyekuwa anapita na wenzake.

"Fundi, angalia. Matofali haiogope kutikiswa. Inaogopa kuachana. Kuta ikishikana mukono, inabakia. Ikiachana hapa pembeni, kila moja inaanguka kivyake. Mimi niliona kwetu, kanisa nzima ilifunguka kama sanduku."

Mume wangu aliupima ufa kwa vidole. Jioni hiyo alichora na mkaa kwenye sakafu ya jikoni yetu, na sikuruhusiwa kufagia mpaka kesho yake. Wazo lake lilikuwa hili: kupitisha fimbo ndefu za chuma juu, kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, chini ya paa, na huko nje kuzifunga kwa vibao vizito vya reli chakavu, ili kuta mbili zishikane zisiachane.

Mkubwa wa gare alimsikiliza. Alikuwa mtu wa Katanga, mwenye abakosi, lile koti la kufunga mpaka shingoni, lililopigwa pasi hata siku za joto, na tayari alikuwa ameulizwa kama haifai kubomoa sale ile ya wakoloni na kujenga nyingine ya simenti.

"Sitwayeni," akasema, maana ndivyo raia tulivyoitana siku zile, "chuma ya urefu ule iko mbili tu, ile ya daraja ya zamani. Ya tatu sina, na siwezi kuagiza. Nyufa ni tatu. Chagua."

"Shefu, sitachagua mimi. Nyumba yenyewe itasema."

Akakata vipande vitatu vya kioo cha dirisha, vyembamba, upana wa vidole viwili. Kila kipande alikibandika juu ya ufa, ncha moja huku na ncha moja kule, kwa plasta. Aliviita mashahidi, kama mafundi wa zamani walivyomfundisha. Kwa msumari alikwaruza siku na mwezi juu ya kila kimoja. Ukuta ukitembea hata kwa unene wa unywele, jicho la mtu haliwezi kuona, lakini kioo kitakatika. Penye kioo kizima, ufa umelala. Penye kioo kilichovunjika, ukuta bado unaondoka, na hapo ndipo chuma kinatakiwa.

"Tungoje miezi miwili," aliniambia. "Weye unafagia pale kila siku. Uniangalilie."

Nikamwangalilia. Kila asubuhi, kabla ya ufagio, nilisimama chini ya vioo vile vitatu. Mwezi mzima vilikuwa vizima.

Kisha mabehewa yakaanguka njiani, mbali upande wa kusini, na mume wangu akapelekwa na kikosi cha kuyainua. Alikaa huko wiki mbili. Katika wiki ya pili tukaambiwa kuna mgeni wa Chama anakuja kwa treni, na Jumamosi ikawa salongo, ile kazi ya lazima ya usafi, kwa mtaa wote wa reli. Wanaume walikata majani kando ya reli. Sisi wanawake tulipewa chokaa na brashi za nyuzi za mchikichi, kila mmoja na sehemu yake ya ukuta. Mimi niliomba upande wa mto. Niliomba mwenyewe. Nilitaka ukuta wa babu ung'ae.

Wiki ile sikuwa nimeangalia vioo. Hili nalo nalisema wazi. Mtoto wetu mdogo alikuwa na homa, nilikuwa nafagia mbio na kurudi nyumbani.

Nilipanda juu ya benchi, nikapaka kwa nguvu, tukiimba ule wimbo tuliokuwa tumefundishwa kwa ajili ya mgeni. Chokaa ilikuwa inanitiririkia mpaka kwenye kwapa. Nilipofika pembeni, kitu kikanikata kidole. Nikatazama. Kioo cha mume wangu kilikuwa kimekatika katikati, na damu yangu ikawa inaingia kwenye chokaa.

Nilidhani ni brashi yangu. Nilikuwa nimepaka kama mtu anayesugua sufuria, na kioo kilikuwa chembamba vile. Sikuwaza kitu kingine chochote. Nilichoona mbele ya macho ni uso wa mume wangu, jinsi alivyokibandika akiwa ameshika pumzi, na mimi aliyeniachia nikiangalie nimekivunja kwa wimbo wa kumpokea mgeni. Nikachukua udongo kidogo, nikauchanganya na chokaa nzito, nikajaza ufa, nikafunika kioo, nikapaka juu mara tatu. Pakawa peupe pazuri. Jirani yangu akasema, "Aa, mama, upande yako imependeza kuliko ya wote!" Nikamwambia asante.

Mume wangu akarudi Jumanne, amekauka kwa jua. Hata hakukaa kula. Tukaenda wote gare. Cha upande wa mji kilikuwa kimevunjika. Cha katikati kilikuwa kizima, ila kilikuwa na mstari mwembamba kama utando. Akasimama mbele ya ukuta mweupe.

"Na ya upande wa mto?"

"Walipaka chokaa juu yake," nikasema.

"Lakini ilikuwa namna gani?"

Hapa ningeweza kusema. Hakuna mtu aliyekuwa karibu, na yeye hakuwa mtu wa kupiga wala wa kutukana. Ningesema: nilikivunja. Angeudhika nusu siku, angebandika kingine, tungengoja.

"Ilikuwa nzima," nikasema.

Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, hapa na pale. "Basi sitaikwaruza, mutapata shida kwa mukubwa. Neno yako inatosha."

Wenzake wanakumbuka siku ya kufunga vyuma kama sikukuu, na kweli ilikuwa hivyo. Fimbo zilikuwa zimeshapitishwa, nati zimekazwa kwa mkono. Lakini mume wangu alisema chuma kilichokazwa kikiwa baridi kinashika tu, hakivuti. Kule atelie walikuwa wanavisha magurudumu pete za chuma zikiwa za moto, zikipoa zinabana. Alitaka kufanya vile vile na nyumba. Na kwa kuwa moto wa atelie haukuweza kuletwa, akaomba mbabula zetu, yale majiko ya makaa tunayopikia. Kila nyumba ya mtaa wa reli ikaleta yake. Wakazitundika kwa waya chini ya fimbo, moja baada ya nyingine, zikawaka kwa mstari kutoka ukuta hadi ukuta. Mchana ule hakuna aliyepika. Watoto walikula ndizi mbivu na muhogo wa jana.

Chuma kikapata moto, kikarefuka. Huko nje rafiki yake, mhunzi mwenzake mwenye mdomo usiofungwa, akazungusha nati robo, kisha robo nyingine.

"Basi!" mume wangu alipaza sauti kutoka ndani. "Usiongeze! Hii ni bibi-arusi, si behewa!"

"Bibi-arusi ya miaka mingi hii? Mwenyewe umwoe!"

Wakaondoa makaa. Tukanyamaza wote, abiria na sisi, na tukasikia fimbo inapopoa: tik, tik, polepole, na vumbi la plasta linadondoka kwenye nyufa zilizokuwa zinafunga. Mume wangu alikuwa ameweka kiganja ukutani na macho ameyafumba. Fimbo ya kwanza upande wa mji, ya pili katikati. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa mto, mgongo kwenye vidole vya babu, na mbabula yangu mkononi.

Tetemeko la pili likaja ile Jumatano. Boti ilikuwa imefika na watu wote walikuwa wameteremka gatini, hilo ndilo lililotuokoa. Nilikuwa mlangoni na ndoo. Sakafu ikasogea mara moja, kama mtu anavyovuta mkeka, na ukuta wa upande wa mto ukajitenga na pembe, ukainama nje bila haraka, ukalala. Maharagwe ya yule mtu wa Butembo, aliyekuwa amerudi na mzigo mwingine, yakamwagika chini ya matofali. Upande wa mji haukutoa hata kijiwe. Katikati paa lilibaki limekaa. Vyuma viwili vilishika kama alivyosema.

Mume wangu alikuja mbio, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akanitazama kila mahali. Halafu akaenda kwenye kifusi. Alipekua pale mpaka jua likashuka, akigeuza matofali moja moja. Nilimwona ameinama, akaokota kitu, akakisugua kwenye suruali, akakiangalia sana, akakitia mfukoni. Hakuniangalia.

Mkubwa wa gare akauliza mbele ya wote: "Sitwayeni, nilikuambia uchague. Ni nani alichagua?"

"Ni miye," mume wangu akasema. "Nilisoma mubaya."

Hakufukuzwa. Lakini walimwondolea kazi ya kuongoza kikosi, wakampa mtu mwingine aliyekuwa mwanafunzi wake. Na yule rafiki yake wa mdomo akamtungia jina, Bwana Mbili, kwa sababu ya vyuma viwili kwa nyufa tatu. Alilisema kwa mchezo tu, na wengine wakalifuata. Miaka yote iliyobaki, hata watoto wa mtaa walimwamkia, "Jambo, Bwana Mbili," na yeye aliinua mkono.

Ukuta ulijengwa tena kwa matofali yale yale, mfupi kidogo, baada ya miezi mingi. Chuma cha tatu kilipatikana mwisho. Mume wangu alitenga matofali ya babu kando, akamwomba mwashi ayapange chini, juu ya benchi, mahali mkono wa mtu aliyekaa unapofika. Akanipeleka kuona. Nikaingiza vidole, nikalia, na yeye akadhani ni kwa furaha, au alifanya kama anadhani.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza sana. Mwanzoni niliogopa. Baadaye siku zilikuwa zimekuwa nyingi, na kila siku niliyonyamaza niliiongeza juu ya nyingine. Na sikujua hata mimi nina kosa gani. Je, nilivunja kioo, au nilificha kioo kilichovunjwa na ukuta? Sikuwa na njia ya kujua.

Alipougua kifua na kulala miezi minne, nilimwogesha kila siku saa kumi, jua likiwa limepoa. Siku moja nikiwa namfuta mgongo, nikasema. Nilisema kwa mgongo wake, kwa uso nisingeweza.

"Ile kioo ya upande wa mto, nilikudanganya. Ilikuwa imevunjika. Nilidhani ni miye niliivunja na brashi, nikaifunika."

Mgongo wake ukainuka na kushuka chini ya kitambaa.

"Najua," akasema.

"Unajua toka lini?"

"Toka siku ile. Niliokota kipande ya kioo, na mistari ya brashi ingali juu yake. Kila mutu anapaka chokaa akitoa mukono huku. Ile ilipakwa akitoa kule. Kwa mutaa wote wa reli, wa mukono wa kushoto njo weye tu."

Nikaacha kumfuta. Akageuka taratibu, akanitazama.

"Na haukuivunja. Mahali ilikatika palikuwa na vumbi nyekundu ya matofali, kisha chokaa juu ya vumbi. Vumbi ile haiingie kwa siku moja. Ukuta njo iliivunja, siku kadhaa mbele ya salongo."

"Basi kama ningesema..."

"Ungesema, ningeweka chuma kule, na katikati ingebakia hivi. Pengine katikati ingeanguka, na paa yote. Sijui. Usinidai nijue."

"Kwa nini haukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uniambie." Akakohoa, akacheka kidogo. "Umechelewa, mama. Lakini umefika mbele ya treni kuondoka."

Akaniomba nimmalizie mgongo. Alikufa baada ya wiki tatu.

Baada ya matanga, siku niliyovua kitambaa cha msiba kichwani, sikurudi nyumbani. Nilikwenda atelie. Mkubwa wa gare alikuwa mwingine, kijana, lakini wahunzi wa zamani walikuwa wamebaki watatu, na rafiki wa mume wangu mmojawapo. Nikasimama katikati ya kelele mpaka wakasimamisha kazi. Nikawaambia jinsi ilivyokuwa, yote, pamoja na kidole changu na neno langu. Nikasema mume wangu hakusoma vibaya. Alisoma nilichomwambia mimi.

Mmoja akasema, "Mama, hii ni mambo ya zamani. Nani angali anauliza?"

"Hakuna anayeuliza," nikasema. "Nimekuja kusema."

Yule rafiki alikuwa anageuza nyundo mkononi. Hakuwa na mchezo usoni. "Miaka yote ile," akasema, "nilimwita Bwana Mbili, na yeye ananiitika." Akaiweka nyundo chini, akatoka nje, nikadhani amenikasirikia.

Kesho yake asubuhi alinikuta gare. Alikuwa ameleta ngazi, plasta kwenye kopo, na kipande cha kioo cha dirisha, upana wa vidole viwili. Kwenye pembe ya upande wa mto, ukuta mpya ulipokutana na wa zamani, kulikuwa na ufa mdogo ambao mimi nilikuwa nimeuona muda mrefu, ila sikuwa na wa kumwambia tena.

"Panda weye," akasema. "Miye nitashika ngazi."

Nikapanda. Nikabandika ncha moja huku na ncha moja kule, nimeshika pumzi. Akanipa msumari, nikakwaruza siku na mwezi kwa mkono wa kushoto.

"Sogeza juu kidogo, shemeji," akasema kutoka chini, "watu wa salongo wasifike."

Nikasogeza juu kabla plasta haijakauka. Kisha nikashuka, nikachukua ufagio wangu.